Muthoni Hapigiwi Kelele

Baba yangu alikuwa mpiga kelele. Nalisema mapema ili nikimleta hapa chini akiwa amenyamaza, kofia gotini, msije mkadhani ndivyo alivyoumbwa. Kwa wale wanaofuata timu yetu ya Embu, ile ya jezi za njano, baba alijulikana kwa sauti kabla ya kujulikana kwa sura. Refa akikosea, alipata habari zake papo hapo. Beki akizubaa, aliulizwa kama amekuja kucheza au kuchunga mbuzi. Siku moja mshika kibendera alimfuata baada ya mechi, akamsalimia kwa mkono na kumwambia, "Mzee, leo umenitukana na heshima. Ile siku ingine uliingilia mpaka kanisa yangu."

Timu yenyewe si kubwa. Haionyeshwi kwenye televisheni, na mwaka ikipanda daraja, mwaka unaofuata hushuka kana kwamba imesahau kitu huko chini. Lakini ni yetu. Babu yangu alipanda kutoka Kiritiri, kwenye jua na mbuzi, akaja Embu mjini kutafuta kibarua, akapata kibarua na timu kwa mpigo mmoja. Akawa kipa. Nyanya naye akawa mfuaji wa jezi. Kila Jumatatu alizibeba kwenye karai mpaka mto Rupingazi, na inasemekana watu wa ng'ambo walijua matokeo ya mechi kwa jinsi alivyozigonga kwenye mawe.

Mimi nina jina la nyanya huyo. Kwetu, msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, na akishapewa, basi yeye ndiye huyo mama, amerudi. Baba ameniita "mama" tangu nikiwa kwenye nepi. Nilipokuwa mdogo aliniweka mabegani uwanjani akanionyesha wachezaji. "Wewe ndio ulikuwa unafua hizi jezi," aliniambia, nami niliamini kabisa. Nilikuwa nikiwatazama wakijigaragaza kwenye matope nikisikia uchungu wa mfuaji. Hadi leo mchezaji akijiangusha bila kuguswa, mimi hukasirika kwa ajili ya sabuni.

Hivyo ndivyo timu hii ilivyonifikia. Sikuichagua na sikuwahi kufikiri kwamba kuna kuchagua.

Shida ni kwamba nilizaliwa peke yangu. Baba hakupata mtoto mwingine, na hofu yake ilikuwa moja tu, ambayo aliisema wazi mezani hata mbele ya wageni: "Mimi nikienda, nani atakuwa mimi pale?" Pale ni pale uwanjani, ngazi ya tatu, karibu na bendera ya kona. Alitaka mtu mwenye jina lake akae mahali hapo, kwa sababu mtu mwenye jina lako akikaa mahali pako ni wewe umekaa. Sikumwona akiogopa kitu kingine, si ugonjwa, si uzee. Aliogopa ngazi hiyo ikae tupu.

Sasa hesabu ya majina ni hii. Mvulana wa kwanza ni wa baba ya mume. Wa pili ndiye wa baba ya mke. Kwa hiyo matumaini yote ya baba yalikuwa kwa mvulana wangu wa pili, yalikuwa tumboni mwangu, na tumbo halikuulizwa.

Niliolewa Meru, Kaaga, katika nyumba ya walimu. Mume wangu ni mwalimu, baba mkwe alistaafu ualimu, na hata mama mkwe, ambaye hakusomea ualimu, ana macho ya kusimamia mtihani. Meru wana timu yao ya jezi nyekundu, na baba mkwe ni wa timu hiyo damu na mifupa. Aliponiona mara ya kwanza na kusikia nimetoka wapi, aliuliza, "Kumbe wewe ni wa wale watu wa muguka?" Nilimjibu kwa adabu kwamba ndiyo, na kwamba miraa wanayotafuna wao pia tumeisikia. Mume wangu alitazama dari. Baba mkwe alicheka, na tangu siku hiyo tunapatana.

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa mvulana. Baba alikuja kutoka Embu kumwona, yeye na mama, na vikapu vya kawaida vya kumwona mtoto, na juu ya kikapu kimoja kulikuwa na kifurushi alichokataa kibebwe na mtu mwingine. Alikifungua mwenyewe sebuleni. Ilikuwa jezi ndogo ya njano, ameishonesha kwa fundi sokoni, namba moja mgongoni, namba ya babu yangu kipa.

Mama mkwe alimtazama mumewe. Kosa hilo baba hakulifanya kwa kutojua, maana mila anaijua kuliko mimi. Nadhani furaha ilimshinda, akasahau kwa makusudi. Baba mkwe aliichukua ile jezi, akaigeuza mbele na nyuma, akaisifu mishono. Kisha akasema taratibu, "Asante sana, muthoni. Lakini huyu mtoto ni mimi. Na mimi sijawahi vaa njano."

Muthoni ni mkwe, na baina ya wakwe kwetu kuna heshima ambayo haina mchezo. Baba alivua kofia. "Ni ukweli," alisema. "Nisamehe, nimekimbia mbele ya mpira." Watu wakacheka, chai ikamiminwa, na mama mkwe akaikunja ile jezi vizuri akasema ataiweka, mwenyewe atakuja.

Mwenyewe hakuja. Mtoto wa pili alikuwa msichana, na msichana wa kwanza ni wa mama ya mume. Nilimzaa kwa upasuaji, kama wa kwanza, na safari hii daktari alituambia kwa upole kwamba tumshukuru Mungu kwa hawa wawili na tuishie hapo. Tulishukuru. Nilimpenda yule mtoto mara nilipomwona, na nililia pia, na sababu ya kulia ilikuwa ngazi ya tatu karibu na bendera ya kona. Nilimpigia baba simu nikamweleza yote. Alisema, "Mama, watoto ni watoto. Pumzika." Kuanzia hapo hakusema tena lile neno lake mezani. Jezi ndogo tulimpa mtoto wa jirani, akaivaa mpaka ikampasukia.

Mume wangu, kwa kuwa binti yetu ni mama yake, akawa anamwita "mama." Baba yangu akamwita "muthoni."

Mwanzoni tulidhani ni utani. Haukuwa utani. Baba aliipeleka mila mbali kuliko mtu yeyote ninayemjua. Tulipokwenda kwao Majimbo, pale Embu mjini, yule mtoto wa miaka mitatu alipewa kiti chenye mto, akakaribishwa chai kabla ya mimi, na baba hakuthubutu kukaa mbele yake akiwa na fulana tu. Akitaka kutema mate, alikwenda nyuma ya nyumba. Kaka yake, ambaye kwa jina ni baba mkwe, aliruhusiwa kupanda mgongoni kwa babu na kumvuta masikio, kwa sababu ambayo sijaipata hadi leo. Nilipouliza, baba alisema, "Huyo ni mwanaume mwenzangu. Lakini mama ya bwana yako siwezi kumbeba kama gunia."

Likizo moja ya Agosti, binti akiwa darasa la kwanza, nilimpeleka Majimbo akae na wazee. Mama yangu ilimbidi ateremke Kiritiri kupura mtama, na Jumamosi ikafika baba akiwa peke yake na muthoni wake mdogo, na timu inacheza nyumbani. Kumwacha haiwezekani. Kukosa mechi haiwezekani zaidi. Lisilo budi hutendwa. Alivaa koti lake la kanisani, akabeba kiti chenye mto kichwani, akampeleka mtoto uwanjani. Kwenye ngazi za saruji hangemkalisha.

Yaliyofuata nimesimuliwa na baba na nimesimuliwa na watu waliokuwepo, na hayatofautiani. Mechi ilianza, refa akakosea, na watu wa upande ule wakageuka kumsikiliza baba. Kimya. Beki akampa mpinzani mpira. Kimya. Baba alikaa wima, kofia gotini, mikono juu ya kofia. Muthoni hapigiwi kelele, wala hupigi kelele mbele yake. Mwishowe mtu mmoja wa ngazi ya chini akapanda kumwangalia.

"Mzee, uko sawa? Ama ni presha?"

"Niko na muthoni," baba alimjibu.

Yule mtu akatafuta mama mzima kwa macho, asimwone, akaona mtoto kwenye kiti chenye mto akila njugu. Hakucheka. Sisi watu wa huku tunaelewana. "Pole sana," alisema, akarudi kukaa.

Lakini midomo ya baba haikukubali kutulia. Ilikuwa ikienda yenyewe bila sauti, kama ya mtu anayesali, na mtoto, ambaye humwita babu yake guka, akaona.

"Guka, unaongea na nani?"

"Na namba sita."

"Hakusikii."

"Najua."

"Nimwambie?"

Baba ananiambia alifikiri kwa makini. Alitafuta katika mila yote aliyofunzwa, na hakuona mahali palipomkataza muthoni mwenyewe kupiga kelele. Ni wewe usiyepaswa kumpigia. Yeye, akitaka, ni shauri lake.

"Mwambie arudi nyuma," alinong'ona.

Mtoto alisimama juu ya kiti. "Namba sita! Guka anasema urudi nyuma!"

Sauti yake ni nyembamba na inafika mbali; sisi nyumbani tunaijua. Namba sita alishtuka, akatazama jukwaani, akarudi nyuma. Watu walicheka mpaka wakashikana. Kutoka hapo baba alinong'ona na mtoto akapaza, mechi nzima, na jambo la ajabu ni kwamba matusi yote yalisafika njiani. Baba hangeweza kupitisha neno baya kwenye kinywa cha mama mkwe wangu. Ilimbidi atafute maneno mengine. Kwa hiyo badala ya yale ya zamani, uwanja ukasikia, "Refa, guka anasema uende upimwe macho, tafadhali!" Tafadhali aliiongeza mwenyewe. Hayo ni malezi ya Kaaga.

Alirudi Meru mwisho wa likizo akiwa shabiki. Alijua namba, alijua nani huzembea kipindi cha pili, na alijua kwa nini beki wa kushoto asiende mbele wote wakienda. Nami nilipomwuliza aliyajuaje, alinitazama kwa mshangao. "Si mimi ndio huwaambia?"

Krismasi tulikula kwa wakwe kama kawaida. Binti alishuka ngazi akiwa amevaa jezi ya njano ambayo guka wake wa Embu alimtumia, akaketi mbele ya sahani ya mukimo kana kwamba hakuna lililotokea. Kaka yake akamwita msaliti. Baba mkwe aliweka kijiko chini.

"Hii nyumba imeingiliwa," alisema. "Mtoto wa hapa Kaaga, kwa timu ya muguka? Kwani nani amempeana?"

Sikutaka ugomvi siku ya Krismasi, na sikutaka pia mtu amvue mtoto ile jezi. Nilikuwa tayari kukasirika. Lakini mama mkwe, aliyekuwa akigawa nyama, hakuinua hata kichwa.

"Huyo si ni mimi?" aliuliza.

"Ni wewe," baba mkwe alikubali.

"Basi kama ameenda Embu, mimi ndio nimeenda Embu. Kama uko na maneno, niambie mimi."

Huyu ni mwanamke ambaye hakuwahi kutazama mpira hata dakika moja. Jumamosi zake ni za mkutano wa akina mama kanisani na kuku wake. Lakini jina ni jina. Baba mkwe alitazama meza yote akitafuta wa kumtetea, akamkosa hata mwanawe. "Nimeachwa," alisema. "Bibi amenihama na nywele zimeshakuwa nyeupe." Na tukala. Jioni nilimpigia baba kumsimulia. Alinifanya nirudie yale maneno ya mama mkwe, kisha akanifanya niyarudie tena.

Tangu siku hiyo mama mkwe alianza kuuliza matokeo, kwanza kwa wajibu, halafu kwa hasira. Timu ikifungwa, baba mkwe humwimbia jikoni kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani, naye humjibu kwamba ugali wa leo umeisha.

Mwaka huu timu zetu mbili zilikutana Meru. Mama mkwe alisema atakwenda. Alivaa kitambaa cha njano kichwani, kile cha siku za harusi, akashika na mwavuli. Baba alikuja kutoka Embu na koti lake. Wanaume wa Kaaga, yaani baba mkwe, mume wangu na mwanangu, walikaa ng'ambo na wekundu wenzao wakatupungia mikono kwa dharau. Upande wetu tulikaa hivi: baba, kisha binti, kisha mama mkwe, kisha mimi mwisho. Nikaona jasho kwenye paji la uso la baba. Alizoea muthoni mdogo. Sasa walikuwa wawili, na mmoja ni mwenye jina hasa.

Hakunong'ona hata neno. Mbele ya mama mkwe mwenyewe, hata kunong'ona alikuona ni kukosa adabu. Mtoto alimtazama mara mbili, tatu, akingoja. Tulifungwa goli la kizembe kabisa, mpira umepita katikati ya miguu ya watu wawili, na baba akameza mate tu. Nilimhurumia. Nilifikiri, huyu mzee amesafiri kutoka Embu kuja kukaa kama yuko kwa mazishi.

Mama mkwe naye aliona. Haonekani kuona vitu, lakini ameishi na walimu. Baada ya mapumziko aliinama mbele kidogo, akampita mtoto, na kusema kwa sauti ya kawaida, "Muthoni, mimi nimesikia mambo yako yote. Piga kelele. Nimekuruhusu."

Baba alivua kofia ambayo alikuwa ameivua tayari, yaani mkono ulipanda kichwani ukakosa kitu. Ruhusa kama hiyo haitolewi ovyo. Nilingoja ile sauti ya utoto wangu, ile iliyokuwa ikinitetemesha mabegani mwake, na nakiri nilikuwa nimeikosa.

"Asante, muthoni," alisema. "Lakini hiyo kazi nimeshapeana."

Akamwonyesha mtoto kwa kidevu.

Mtoto hakuwasikia. Alikuwa ameshapanda juu ya kiti, mkono mmoja umeshika bega la guka wake, macho yako mbali kwenye winga wetu wa kulia aliyekuwa ameachwa peke yake pembeni, hakuna aliyemwona, si wachezaji, si kocha, hakika si mimi.

"Kulia! Kulia yuko peke yake! Mpatieni, tafadhali!"

Mpira ulipelekwa kulia. Winga aliuvuta, akapiga, ukapita juu ya mwamba, ukaenda kuangukia kwenye migomba ya watu. Ng'ambo wekundu walishangilia. Mama mkwe alisema neno moja la Kimeru ambalo sijawahi kulisikia likitoka kwake.

Nilimtazama baba. Midomo yake ilikuwa imefungwa, na ilikuwa imefungwa tangu mwanzo. Aliegemea nyuma kunipata nyuma ya migongo yao wawili, na uso wake ulikuwa umelowa, naye hakujisumbua kuufuta.

"Mama, umesikia?" aliniuliza. "Hiyo sikumwambia."

Nilimwambia nimesikia.

"Mimi sikumwambia hiyo," alisema tena.